Usifute Nyayo

Andiko: Mithali 28:13; Isaya 1:17-18

Leo sitahubiri habari ya mtu mwingine. Nitawasimulia yangu mwenyewe.

Miaka iliyopita, kabla sijaitwa kwenye huduma, kondoo walianza kuuawa usiku hapa Cheptiret. Jirani yetu mjane alipoteza watatu kwa juma moja. Wengine walisema ni fisi. Wengine wakasema chui ametoka msitu wa Timboroa. Wengine, tena watu wa kanisa, wakanong'ona kwamba kuna mtu anatuma wanyama usiku. Mwishowe lawama ikamwangukia kijana aliyemchungia yule mama. Wakasema analala ovyo, pengine hata anashirikiana na wezi. Akafukuzwa.

Usiku aliouawa yule wa tatu, mvua ilikuwa imenyesha. Alfajiri nikitoka kukamua, nikaona nyayo kwenye matope. Marehemu babu yangu alinifundisha kuzisoma nikiwa mdogo. Chui ni jamii ya paka: akitembea huficha kucha, kwa hiyo wayo wake ni wa mviringo na hauna alama za kucha. Fisi huacha alama za kucha, lakini wayo wake wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma. Mbwa pia huacha alama za kucha, ila nyayo zake hazitofautiani sana kwa ukubwa. Halafu uangalie mzoga. Chui hukaba koo, kisha huburuta windo akalifiche. Fisi hutafuna hata mifupa. Mbwa hurarua huyu na yule, akaacha nyama nyingi bila kula.

Nyayo zile zilikuwa za mbwa. Tena mguu wa mbele wa kushoto ulikosa kidole kimoja. Wapendwa, mbwa wa namna hiyo nilimjua mmoja tu, na alikuwa wangu. Nyayo zilitoka kwa mjane, zikapita chini ya seng'enge, zikaja mpaka mlangoni pangu.

Mnajua nilifanya nini? Nilikuwa nimeokoka. Nilikuwa mwanakwaya! Nilivaa gambuti nikazifuta zile nyayo, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye seng'enge. Nikamfunga mbwa. Jumapili nikaenda ibadani, nikainua mikono.

Majuma mawili nilikaa kimya, na kijana wa watu anaitwa mwizi. Nikipiga magoti, maneno hayaji. Hesabu 32:23 inatuonya kwamba dhambi humtafuta mwenyewe hadi impate. Kule matopeni nilikuwa nimezifuta, lakini moyoni zilibaki mbichi.

Sasa nisikilize vizuri. Wako leo wanaokemea uchawi wa jirani, na nyayo zinaelekea kwao. Pesa ya karo umeimaliza kwa kamari ya simu, halafu unasema ni laana ya ukoo. Mdomo wako ndio unabomoa ndoa, wewe unakesha ukimfunga shetani. Shetani yupo, na Petro anasema huzunguka kama simba. Lakini kabla hujamkemea simba, hebu inama kwanza uangalie wayo!

Katika Isaya 1:18 Mungu anaahidi kwamba dhambi nyekundu itakuwa nyeupe kama theluji. Sisi hapa theluji tunaisikia iko juu Mlima Kenya. Kwetu ni mvua ya mawe tu, inalaza shamba jeupe kwa muda mfupi, kisha matope yanarudi. Mimi nilitaka weupe wa namna hiyo, wa kufunika. Lakini soma mstari wa 17, unaotangulia ahadi ile. Mungu anataka tutende haki, tumtetee yatima na mjane. Na Mithali 28:13 inasema rehema ni ya anayeungama na kuacha, si ya anayeficha. Mungu huosha kile ulichomwonyesha.

Basi nikaenda kwa yule mama. Nikamwambia, "Mama, ni mbwa wangu. Nilijua, nikaficha." Alinyamaza muda mrefu. Nikamlipa kondoo watatu. Nilidhani yameisha, kumbe bado. Akaniuliza, "Na yule mtoto je?"

Kondoo nilirudisha siku moja. Jina la mtu halirudi hivyo. Nilizunguka kwa watu waliomsema, nikawaeleza ukweli, mmoja mmoja. Kisha nikamfuata Burnt Forest, nikamkuta akipakia viazi kwenye lori. Nikamwomba msamaha mbele ya wenzake. Akanitazama, akasema, "Nimesikia," akaendelea kupakia. Sikuwa na haki ya kudai zaidi. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya matope, niliomba na maneno yakaja.

Mpendwa, juma hili kagua ua wako. Nyayo zikiishia mlangoni pako, usitafute gambuti. Vuka seng'enge, uende kwa jirani. Na kama kuna aliyebeba lawama yako, mtafute hata kama ni mbali.

Tuombe: Bwana Yesu, nimeficha vya kutosha. Nipe ujasiri wa kuungama na miguu ya kwenda kutengeneza. Unioshe, nami nifuate nyayo zako. Amina.