Haya na Ujinga

Msomaji mpenzi, haya ni vazi la utu. Mtu asiye na haya huogopwa kama fahali aliyekata kamba, na nyumba isiyo na haya haikaliki. Lakini kuna kitu kingine ambacho aghalabu huvaa nguo za haya, kikapita mbele ya watu na kupewa heshima isiyokuwa yake. Kitu hicho ni ujinga. Nakuomba tufikiri pamoja juu ya swali moja: je, kumficha kijana habari za uzazi ni kumlinda, au ni kumwacha bila ya mlinzi?

Tuseme yupo msichana wa shule ya sekondari akaaye Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi. Jumamosi amefua nguo za nyumba nzima katika karai, na miongoni mwake zimo nguo za kaka zake. Mwezi huo hedhi yake inachelewa. Amepata kusikia, hakumbuki kwa nani, kwamba mbegu ya mwanamume yaweza kukaa katika nguo, katika taulo au katika kiti cha matatu, ikamwingia mwanamke akashika mimba. Hajamkaribia mwanamume yeyote, lakini usiku halali. Darasani mwalimu anafundisha hesabu, naye anahesabu siku. Hathubutu kumwuliza mama yake, kwa kuwa swali lenyewe litafanywa kuwa ushahidi wa kosa.

Tuseme tena yupo mvulana wa Kangemi, ng'ambo ya barabara ya Waiyaki. Huyu haogopi kitu. Rafiki zake wamemwambia kwamba tendo la mara ya kwanza halileti mimba, na kwamba kuoga upesi huondoa kila hatari. Msichana anaogopa lisilokuwapo; mvulana haogopi lililopo. Ukiwatazama utadhani ni watu wa namna mbili, lakini wote wawili wamekunywa maji ya kisima kimoja, na kisima hicho ni ujinga.

Basi ukweli ni upi? Mwaka 1677, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, mtu mmoja aitwaye Antonie van Leeuwenhoek alitazama manii kwa hadubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, akaona viumbe vidogo mno vyenye mikia vikiogelea. Yai la mamalia halikuonekana mpaka mwaka 1827, lilipogunduliwa na Karl Ernst von Baer. Tangu hapo wataalamu wamejifunza mengi, na yapasayo kujulikana na kila kijana si magumu. Mimba huanza mbegu ya mwanamume inapokutana na yai ndani ya mwili wa mwanamke. Mbegu hiyo ni dhaifu sana nje ya mwili. Uhai wake wategemea unyevu na joto. Manii yakikauka juu ya nguo, kiti au ngozi, mbegu hufa. Haiwezi kuruka, haiwezi kutambaa juu ya kitambaa, wala kupenya nguo iliyofuliwa. Sabuni huiua, na maji ya karai huitawanya. Msichana wa Kawangware hana mimba. Hedhi yaweza kuchelewa kwa sababu ya maradhi, ya kukonda, au ya wasiwasi wenyewe; na huenda woga wake ndio unaoirefusha safari anayoiogopa.

Lakini, msomaji, ukweli una makali pande zote mbili. Mbegu ile ile iliyo dhaifu nje, ikiingia katika mwili wa mwanamke yaweza kuishi hata siku 5, ikilingojea yai ambalo maisha yake ni kama siku moja tu. Haiulizi kama tendo ni la kwanza au la kumi, wala haisikii maji ya kuoga. Hata manii mabichi yakifikishwa mlangoni mwa uke pasipo tendo kamili, mimba yaweza kutokea, ijapokuwa ni kwa nadra. Basi elimu inayomtuliza msichana wa Kawangware ndiyo hiyo hiyo impasayo kumwamsha mvulana wa Kangemi. Ukweli hauna upendeleo.

Sasa twende Kabete, mwendo mfupi kutoka hapo Kangemi. Huko kuna kituo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 1946, ambacho kazi yake ni kutunza mbegu za mafahali bora. Mbegu hutiwa katika vijirija vyembamba, vikazamishwa ndani ya naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo hukaa miaka mingi, kisha mtaalamu humpandisha ng'ombe wa mkulima pasipo fahali kuonekana zizini. Tazama kazi na gharama inayotakiwa ili mbegu ikae nje ya mwili bila ya kufa! Naitrojeni ikikauka, mbegu zimepotea.

Mfugaji ayajua haya yote. Huyaeleza mbele ya wageni akinywa chai, na mabinti zake wakimsikia. Hutaja siku za joto la ng'ombe, saa ya kumwita mpandishaji, na dalili za mimba kushika. Hakuna amwonaye kuwa hana haya, kwa sababu anasema kwa adabu na kwa faida. Lakini binti yake akiuliza neno moja juu ya mwili wake mwenyewe, nyumba nzima huinamisha macho. Je, ndama ana thamani kuliko mwana?

Wapo wanaojibu kwamba elimu hii ni moto, na mtoto hapewi moto. Jibu lao si la kudharauliwa. Katikati ya miaka ya 1990, hapo Uhuru Park, katikati ya jiji, viongozi wa dini, Kadinali Maurice Otunga akiwa miongoni mwao, walichoma kondomu na vijitabu vya mafundisho ya UKIMWI mbele ya umati. Hawakuwa watu waovu. Walihofu kwamba kumfundisha kijana njia ya kuepuka matokeo ya tendo ni kumpa ruhusa ya kulitenda. Hofu hiyo ni ya mzazi, nami naiheshimu. Lakini karatasi iliyochomwa haikulichoma swali lililomo moyoni mwa kijana. Swali lilibaki, likaenda kutafuta jibu pengine: kwa wenzake, kituoni, na leo katika simu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna huruma ya mama.

Tena, wanaosema kwamba kunyamaza ndiyo mila yetu wamesahau mila. Katika pwani yetu msichana aliyevunja ungo alikuwa na somo yake, naye alimfunza siri za mwili na adabu zake pamoja. Wakikuyu, ambao ardhi ya Kabete na Dagoretti ilikuwa yao kabla ya jiji kuzaliwa, waliwafunza vijana wao mambo haya wakati wa kutahiriwa. Jomo Kenyatta aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Si kila jambo la mila hizo lastahili kurudishwa, na mengine yalileta madhara makubwa. Lakini wazee walijua neno moja tulilolisahau: kwamba mwili unaokua hauwezi kuachwa bila ya mwalimu. Jiji lilipotutenga na somo na wazee, hatukuweka mtu mahali pao. Tuliweka kimya, kisha tukakiita kimya hicho mila.

Na kimya kina hesabu yake. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Sisemi kwamba ujinga peke yake ndio uliozileta mimba hizo. Umaskini upo, na dhuluma za watu wazima zipo. Lakini mtu asiyejua jina la kitu hawezi hata kushtaki alilotendewa. Msichana aliyelazimishwa, akijua kwamba yampasa kufika hospitali kabla ya siku 3 kupita, aweza kupewa dawa za kumkinga. Asiyejua huoga, akalia, akanyamaza, na siku zikapita.

Usinielewe vibaya, msomaji. Sisemi kwamba ajuaye ameruhusiwa. Kujua kina cha mto si amri ya kuingia mtoni. Ni sababu ya kukaa ukingoni kwa akili. Ajuaye kwamba mimba yaweza kutokana na mara moja tu hana tena kisingizio. Mvulana hawezi kusema, "Sikujua," akamwachia msichana mzigo wa watu wawili. Kwa hiyo elimu haiondoi wajibu. Huuongeza, na kuugawa sawasawa.

Haya ya kweli husema kwa sauti ndogo, mahali pafaapo, kwa maneno safi. Ujinga ndio usiosema kabisa. Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Siku utakapokuwa na swali linalokunyima usingizi, mtafute mtu mzima unayemwamini, au mwuguzi, au daktari, umwulize wazi. Na siku utakapoulizwa wewe, na mdogo wako au mwanao, kumbuka msichana yule aliyekuwa akihesabu siku wakati wenzake wakijifunza hesabu. Usiinamishe macho. Mjibu.