Mwenye Lawama ni Nani, Hewa au Mtunzaji?

Liko swali ambalo huzuka mara nyingi katika vyama vya waimbaji, nalo huleta maneno makali kati ya wazee na vijana. Kitu cha wote kikiharibika polepole, pasipo mtu kukiangusha wala kukivunja, mwenye lawama ni nani? Kikiibwa, twamtafuta mwizi. Kikianguka, twamwuliza aliyekishika. Lakini kikipindwa na jua na mvua, siku baada ya siku, kila mtu humtazama mwenzake. Napenda tulifikiri neno hili kwa kutwaa mfano wa chombo kimoja ambacho siku hizi chajulikana sana katika kwaya zetu, tangu Tunduma hata Vwawa na Ileje, yaani gitaa la besi.

Kwanza yatupasa kujua chombo chenyewe, maana hukumu isiyojua mambo ni dhuluma. Gitaa la besi lenye nyuzi nne, nyuzi zake zikiisha kulinganishwa sauti, huvutwa kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi. Ni kana kwamba mtu mzima ananing'inia juu yake mchana na usiku, hata wakati limelala katika mfuko wake. Shingo ya mti mtupu yaweza kupindika mbele kwa mzigo huo. Kwa sababu hiyo mafundi huweka ndani ya shingo ufito wa chuma, wenye nati mwisho wake. Nati ikikazwa, ufito huivuta shingo nyuma, kinyume cha nyuzi. Thaddeus McHugh, mtu wa kiwanda cha Gibson huko Marekani, aliomba hati ya uvumbuzi wa ufito wa namna hii mwaka 1921, akapewa mwaka 1923. Basi shingo hunyoka kwa sababu nguvu mbili zashindana ndani yake, wala hapana inayoshinda.

Sasa katikati ya nguvu hizo mbili huingia ya tatu, ndiyo hewa. Mti uliokatwa na kurandwa hauachi kunywa unyevu. Wakati wa masika huvimba, na wakati wa kiangazi husinyaa. Tena hutanuka zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu. Katika mkoa wetu wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, mvua huanza yapata Novemba, nazo huendelea hata Aprili. Baadaye huja baridi kavu ya Juni na Julai, kisha joto na vumbi la Septemba na Oktoba. Tena kwaya zetu husafiri. Atokaye katika nyanda za Mbozi, ambazo mahali pengi zapita mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, akashuka mpaka bonde la Rukwa, lililo kama mita 800 tu, amevuka toka hewa moja hata nyingine kwa muda wa saa chache. Mwimbaji huvua sweta lake. Gitaa halina la kuvua. Hupokea badiliko hilo katika mti wake.

Dalili zake ni nyingi. Shingo moja huinama mbele, nyuzi zikainuka juu hata vidole vya mpigaji vyauma kwa kuzikandamiza. Shingo nyingine hurudi nyuma, nyuzi zikalala juu ya freti, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa shingoni, na kila sauti ikatoka na mlio wa kukwaruza kama nzi ndani ya kopo. Kila shingo ina tabia yake, kwa kadiri ya mti wake na namna ilivyoundwa. Wakati wa kiangazi ubao wa shingo husinyaa upana, lakini chuma hakisinyai; kwa hiyo ncha za freti hutokeza kando na kuuchoma mkono.

Wengi hudhani ya kuwa shingo njema ni ile iliyonyoka kabisa kama rula. Sivyo. Uzi ukipigwa hutikisika, na kutikisika kwataka nafasi. Shingo iliyonyoka mno huunyima uzi nafasi hiyo. Fundi huukandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na tena mahali shingo inapoungana na kiwiliwili, kisha hutazama katikati, penye freti ya saba au ya nane. Pakiwapo mwanya mdogo, kama theluthi moja ya milimita, sawasawa na unene wa kadi nyembamba, huridhika. Ukiwa mwanya mkubwa, hukaza nati. Pasipo mwanya wowote, huilegeza.

Sasa na tulirudie swali letu. Tuseme kwaya imechanga fedha kwa miaka miwili, kina mama wakauza maandazi, wazee wakatoa mahindi, likanunuliwa gitaa. Kijana mmoja akakabidhiwa. Ikafika Machi, shingo imepindika, sauti zimeharibika. Wazee wasema, “Kijana na alipe.” Kijana asema, “Baba zangu, mimi sikulivunja. Ni mvua.” Nani asemaye haki?

Neno la kwanza ni hili: hewa haibebi lawama, maana yajulikana. Tufani isiyotazamiwa ni ajali. Lakini masika ya Songwe si ajali. Mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyeianika kahawa yake juani, akaona wingu limekusanyika, naye asiondoke kitini, hawezi kwenda kuishtaki mvua. Jambo lirudilo kila mwaka huzaa wajibu kwa yeyote alijuaye. Kwa hiyo neno la kijana, “Ni mvua,” ni kweli, lakini si jibu. Mvua imeeleza jinsi shingo ilivyopindika. Haikueleza kwa nini hapana aliyeitazama tangu Novemba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa gitaa ni ule mwanya wa theluthi ya milimita.

Neno la pili huwageukia wazee. Je, kijana huyo alifundishwa? Je, alipewa ule ufunguo mdogo uliopinda, wenye kuingia barabara katika nati ya shingo? Mara nyingi ufunguo huo hubaki ndani ya sanduku la mtunza hazina, pamoja na risiti, wala hapana ajuaye kazi yake. Mtu akimpa mchungaji wa ng'ombe mifugo yake, akaificha kamba, kisha ng'ombe akapotea, hukumu yote haiwezi kumwangukia mchungaji. Wajibu huenda pamoja na elimu na uwezo. Ukimpa mtu mzigo pasipo viwili hivyo, hukumpa heshima ya kuaminiwa. Umemwandalia lawama tu.

Mwingine atajibu akisema, “Kitu hiki ni cha wote, basi na wote wakitunze.” Neno hili lina sura nzuri, lakini tulipime. Nati ya shingo ikizungushwa na kila apigaye, yule wa Jumamosi atakaza, na yule wa Jumapili atalegeza, kila mmoja akitengeneza kazi ya mwenzake bila kuijua, hata nati ichakae. Mali yaweza kuwa ya watu mia, lakini mkono utengenezao na uwe mmoja, na macho yaangaliayo yawe mengi. Lifaalo ni daftari. Mtunzaji aandike tarehe, mwanya aliouona, kadiri aliyoizungusha nati, na upande aliouzungushia. Hivyo akihama kwenda Mbeya au kuvuka Nakonde kwa biashara zake, ajaye nyuma yake hataanza gizani. Daftari hilo humlinda mtunzaji naye, maana siku ya mashtaka litasema kazi aliyoifanya.

Neno la tatu ni la kiasi. Mafundi wenye busara hawazungushi nati zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja. Kisha hulinganisha nyuzi tena, hungoja, wakatazama, maana mti hautii amri kwa dakika moja. Mwenye haraka hukaza kwa nguvu zake zote, akaharibu nati au kukata ufito, na kuutengeneza ni kazi ngumu yenye gharama nyingi. Nati ikikataa, na aiache, ampelekee fundi. Wako na wengine ambao, kwa kulihurumia gitaa, hulegeza nyuzi zote kabisa likae “kupumzika” miezi kadhaa. Lakini ufito haukulegezwa. Nao, kwa kuwa umekosa mwenzake wa kushindana naye, huivuta shingo nyuma peke yake. Huruma isiyojua hali ya kitu chenyewe yaweza kukiharibu kama ukali uharibuvyo.

Nadhani maneno haya ya kiasi yawahusu wazee katika jambo la kijana kuliko yamhusuvyo kijana katika jambo la gitaa. Kumtoza bei ya gitaa zima ni kuikaza nati mara tano kwa mkono mmoja. Huenda akalipa, asirudi tena kwaya. Wala kumwambia, “Haidhuru, ni mvua tu,” si wema. Ni kumlegezea nyuzi zote. Hukumu iliyo ya haki, kama nionavyo, ndiyo hii: aliyekabidhiwa asipofundishwa wala kupewa ufunguo, asilipe neno, bali afundishwe, na gharama ya fundi iwe ya kwaya nzima. Aliyefundishwa, akapewa ufunguo, akaacha kulitazama miezi yote ya masika, achukue sehemu ya gharama ya fundi, tena aendelee kutunza, ili ajifunze. Lakini aliyeonywa asitumie nguvu, akatumia, hata ufito ukakatika, huyo hana mvua ya kusingizia.

Tena, gitaa lililopindika mara nyingi halikufa. Shingo ambayo watu wameitupa stoo, ikisemwa ya kuwa imeharibika, huenda yahitaji robo mbili za mzunguko tu. Kabla ya kuhukumu juu ya malipo, na ipimwe kwanza hasara yenyewe. Ni aibu kumtoza mtu laki kadhaa kwa kosa ambalo ufunguo mdogo ungelirekebisha kwa nusu saa.

Basi, kila kwaya yenye chombo hiki na ifanye mambo machache kabla ya mvua za Novemba. Ufunguo utolewe sandukuni. Mtunzaji mmoja achaguliwe mbele ya wote, na daftari lifunguliwe. Gitaa lisiegemezwe ukutani penye jua, wala lisiachwe ndani ya gari, wala juu darini chini ya mabati. Likifika toka safari ya mbali, likae kwanza katika hewa ya mahali pale kabla ya mtu kuigusa nati. Na mwanya upimwe majira yanapogeuka: mvua zianzapo, mvua zikomapo, na wakati wa ule ukavu wa Septemba. Kwaya iliyokwisha kupatana hivyo mapema haitakuwa na haja ya kuuliza mwezi wa Machi kwamba mwenye lawama ni nani.