Benchi la Darasa la Kwanza

Juma hili nimemwona msichana wa miaka kumi na miwili ameketishwa darasa la kwanza, magoti yake yakigonga ubao wa dawati lililochongwa kwa ajili ya watoto wa miaka sita, mikono ameikunja juu ya daftari tupu, na macho yake hayataki kukutana na macho ya mtu. Na tangu saa ile moyo wangu umekataa kutulia. Wazee wake ni watu wa upande wa Nyabiondo, Masisi, mashariki mwa Congo, waliohama na kurudi na kuhama tena, na karatasi zake za shule zilipotelea njiani pamoja na vyombo vya nyumba. Alipoletwa kuandikishwa, mwalimu alimwekea mbele aya fupi ya Kifaransa, akafungua saa ya simu, akamwamuru asome kwa dakika moja. Msichana aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Kidole kikakaa pale pale. Kila neno lililomshinda lilipigwa mstari kwa kalamu ya risasi, na dakika ilipotimia hukumu ikatoka: huyu hajui kusoma.

Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa unyenyekevu, "Samahani, mwalimu, huyu ndiye anayetusomea Zaburi kila jioni." Hakujibiwa. Zaburi zile, bila shaka, ni za Kiswahili.

Sina ugomvi na upimaji wenyewe. Katika wilaya za Masisi na Walikale, ambako vita viliingia Masisi-kati Januari 2025 na Walikale-kati Machi ya mwaka ule ule, na ambamo madarasa hugeuka malazi ya waliokimbia makwao, mtoto akikuambia kwamba yuko darasa la nne hajakuambia kitu, maana huenda katika darasa hilo alisoma miezi mitatu tu, na la tatu hakulimaliza. Tena tangu Septemba 2019, ilipoanza kutekelezwa ahadi ya ibara ya 43 ya Katiba kwamba shule ya msingi ni bure, watoto waliokuwa wakizuiwa mlangoni kwa ajili ya ada wameingia kwa wingi, jambo ambalo ni neema kubwa. Lakini mwalimu mmoja sasa husimama mbele ya umati ambamo mmoja hajaijua herufi na jirani yake asoma bila kukwama. Kumfundisha kila mmoja kana kwamba wote wamefika mahali pamoja ni kuwadhulumu wote wawili.

Utaniambia, ewe mwenzangu, kwamba kugawa watoto kwa kadiri ya usomaji wao ni kuwapiga chapa, na kwamba walio nyuma, wakiwekwa peke yao, watazidi kubaki nyuma. Nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Lakini mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, katika shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, karibu nusu ziligawa watoto kwa alama zao na zilizobaki ziliwagawa kwa bahati nasibu. Na walipopimwa baadaye, watoto wa shule zilizogawa kwa alama walikuwa mbele, walio dhaifu wamefaidika pamoja na walio hodari, kwa kuwa mwalimu aliweza hatimaye kusema na watoto waliokuwa mbele yake. Nasi wenyewe tunavyo vituo vya ratrapaje, vinavyokusanya miaka sita ya shule ya msingi katika ngazi tatu kwa watoto waliopitwa na umri, na hakuna asemaye kwamba vinawadhalilisha.

Hata hivyo hofu yako haikosi msingi. Sisi ni watu wa tarehe 2 Julai, siku ya kutangaza matokeo ya mwaka wa shule: tunapenda kukusanyika uwanjani, kusikiliza asilimia na nafasi ya kila mtoto zikitangazwa kwa sauti kuu, wa kwanza akishangiliwa na wa mwisho akiondoka kimya nyuma ya mzazi wake. Taifa lenye desturi hiyo likipewa makundi ya wasomaji, litayageuza mara moja kuwa matabaka.

Lakini lililonichoma zaidi ni lugha ya kipimo. Mtoto wa Walikale husikia nyumbani Kinyanga, Kikumu au Kirega. Wa Masisi, Kihunde au Kinyarwanda. Kiswahili hukipata sokoni na kanisani, na Kifaransa hukikuta ubaoni, kikiwa na herufi nyingi zinazoandikwa bila kutamkwa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezitaja lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto kuwa ndizo za kufundishia katika shule ya msingi. Basi kumpima mgeni kwa Kifaransa peke yake ni kupima asichofundishwa, kisha kukiita ujinga wake. Aliyekwisha kuunganisha herufi kwa Kiswahili amekwisha kuvuka. Lililobaki ni msamiati, wala msamiati haufundishwi kwa kumrudisha mtu kwenye a, e, i, o, u.

Najua jibu lako: mtihani wa mwisho wa darasa la sita, ENAFEP, ni wa Kifaransa. Ni kweli, nami nataka aufaulu. Ndiyo sababu nasema aketi na rika lake kwa hesabu na masomo mengine, na kwa saa moja kila siku aende kwenye kundi la Kifaransa linalomfaa, kisha apimwe tena kabla ya muhula kwisha, ahamishwe akisogea. Ndivyo shirika la Pratham la India linavyogawa watoto kwa kiwango cha usomaji. Na upimaji wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 huko Kenya, Tanzania na Uganda, humwuliza mtoto amefikia wapi, kwenye neno, kwenye aya au kwenye hadithi, hata kwa Kiswahili.

Haya hayadai majengo mapya, ingawa yatamlemea mwalimu ambaye jina lake bado halijaingia katika orodha ya mishahara ya serikali, na wa namna hiyo kwetu ni wengi. Yadai walimu sita wa shule moja wakubaliane kufungua milango ya madarasa yao kwa saa ile ile, na direkta akubali kwamba orodha ya makundi itakaa katika daftari la mwalimu, isisomwe uwanjani.