Nani Anakula Nguo Zako?



Kijana mwenzangu, ukisikia "nondo" unawaza nini? Wengi tunawaza vyuma vya ujenzi. Lakini nondo anayetajwa na Yesu katika Mt 6:19-20 ni mdudu. Yule wa nguo hafiki hata sentimita moja. Ana rangi ya dhahabu iliyofifia, na vinywele vyekundu-vyekundu kichwani. Wadudu wengine hufuata taa. Yeye ukifungua kabati anakimbilia gizani.

Mwaka juzi mdogo wangu aliniomba suti yangu ya sufu aende nayo kwenye usaili. Nikamjibu, "Hiyo naitunza." Naitunzia nini? Hata mimi sikujua. Akaenda na shati la kuazima. Miezi ikapita, siku naitoa, matundu kila mahali! Nikaona nondo mmoja anaruka, nikamfukuza na kandambili.

Kumbe yule siye aliyekula. Nondo aliyekomaa hali kitu. Jike hutaga mayai kama 40 hadi 50 kwenye nguo, basi. Mlaji ni mtoto wake, kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Hutafuna sufu, manyoya na nywele, hasa penye jasho lililokauka. Anaweza kukaa humo miezi mingi, kisha anajifunga ndani ya kifuko cha nyuzi, anageuka pupa, ndipo anatoka na mabawa. Yaani ukimwona anaruka, nguo ilishaliwa zamani.

Na anapenda nguo gani? Siyo ile unayoivaa, unaifua na kuianika juani. Ni ile iliyofungiwa gizani, haiguswi. Hapo ndipo Injili ilipонichoma: nilichomnyima ndugu yangu, nilimlisha kiwavi.

Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa karne ya 4, alihubiri kwamba vazi unalolifungia ndani ni mali ya yule asiye na nguo. Maneno mazito, lakini kabati langu lilishanihubiria hivyo hivyo.

Basi, Jumamosi hii fungua kabati lako. Toa nguo moja nzuri, siyo iliyochakaa, umpe mtu unayemjua anaihitaji. Mimi nilianza kwa kumwomba mdogo wangu msamaha.

Bwana Yesu, tufungue mikono kabla nondo hajatutangulia. Amina.