MUNGU AKIPONYA HAKATAZI KUPIMA MOYO

Somo: 2 Wafalme 20:1-11



Somo letu ni habari ya mfalme Hezekia. Aliugua sana, na nabii Isaya akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa kuwa atakufa. Hezekia akageukia ukuta, akaomba na kulia. Nabii hakuwa amekwenda mbali alipopokea neno jipya: mfalme ataongezewa miaka 15.

Waamini wengi wanaishia hapo, wanapiga shangwe. Lakini tusifunge Biblia upesi. Nabii yule yule aliagiza walete tini, waziweke juu ya jipu la mfalme. Unabii ulitangulia, dawa ikafuata, na vyote viwili vilitoka katika kinywa kimoja. Tena Hezekia aliomba alama, na kivuli kikarudi nyuma madaraja 10. Mungu hakumkasirikia kwa sababu alitaka kuona.

Wapenzi, neno hili linatuhusu sisi wa Kiwanja. Kati yetu wako wenye moyo usiopiga sawasawa. Moyo wa mtu mzima anayepumzika hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika, kwa mpango mzuri. Wao moyo unakimbia, unaruka, unasita, unakimbia tena, kama chukudu inayoshuka katika mawe. Mama anabeba bidoni ya maji hatua chache, anakosa pumzi. Usiku anashtuka, anakaa kitandani. Jirani anasema ni ulozi. Mwingine anasema ni pepo. Tunamfungisha, tunakemea, na yeye anazidi kuchoka.

Tujue basi ugonjwa huu unaweza kutoka wapi. Kwa wazee mara nyingi unatoka katika damu kupanda. Lakini katika nchi zetu kwa wengi ulianza utotoni, katika koo. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya mikrobi, hatibiwi vizuri, kisha anapata homa na viungo kuvimba. Anapona machoni petu, lakini milango midogo ya ndani ya moyo imekwisha kupata makovu. Miaka inapita. Chumba cha juu cha moyo kinapanuka, kinaanza kutetemeka pahali pa kupiga. Damu inayotulia mle inaweza kuganda. Donge likipanda kichwani, mtu anapooza upande mmoja kwa saa moja tu. Je, hapo pana mlozi? Hapana. Pana koo ambalo halikutibiwa.

Na jirani zetu wa Uganda wametuonyesha faida ya kupima mapema. Kaskazini mwa nchi ile wanganga walichunguza mioyo ya watoto wa shule, wakapata wale ambao ugonjwa ulikuwa umeanza bila wenyewe kujua. Watoto 818 wakafuatwa miaka miwili. Nusu walipewa sindano ya penisilini kila mwezi, nusu hawakupewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kati ya waliopewa sindano, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3, kati ya wasiopewa, 33. Watoto wale walionekana wazima wakicheza mpira. Kipimo ndicho kilichosema kweli.

Ndiyo sababu munganga haridhiki kusikiliza moyo mara moja tu. Moyo unaweza kutulia asubuhi mbele yake, na kuchafuka usiku. Mwamerika mmoja, Norman Holter, alitengeneza mashine ya kufuata moyo wa mtu anapotembea. Ile ya kwanza ilibebwa mgongoni, nayo ilipita kilo 35! Leo ni ndogo kama simu. Inafungwa kifuani, mtu anarudi nyumbani, anapika, analala, na mashine inaandika kila pigo kwa siku moja au mbili au zaidi. Anayeivaa hajamwacha Mungu. Anafanya kama Hezekia aliyetazama kivuli katika madaraja.

Sasa tuseme wazi jambo linaloumiza kanisa. Mgonjwa anaombewa, anajisikia vizuri, anasimama kushuhudia, na siku ile ile anatupa vidonge. Mara nyingine ni mtumishi aliyemwambia avitupe. Mwezi unapita, anaanguka, mdomo umepinda, mkono hauinuki. Tunamzika, na tunasema imani yake ilikuwa ndogo. Ndugu, Isaya hakufanya hivyo!

Tunakumbuka mwaka 1921, Papa Simon Kimbangu alipohubiri na kuombea wagonjwa kule N'kamba, wengi waliacha hospitali za misioni kumwendea. Lakini kanisa lililozaliwa na kazi ile lilikuja kujenga hospitali na vituo vya afya. Watoto wa unabii hawakuona haya kuweka kitanda na sindano karibu na madhabahu.

Basi tushike mambo haya.

Kwanza, mtumishi wa Mungu aombe, lakini asiondoe dawa ya mtu. Kama Bwana ameponya, kipimo kitashuhudia, na munganga mwenyewe atapunguza dawa.

Pili, mwenye ugonjwa awe na kaye. Kila asubuhi, akiwa ameketi, aweke vidole viwili penye kifundo cha mkono, ahesabu dakika moja nzima, aandike hesabu na kama mapigo yanaruka. Anayekunywa dawa ya kuzuia damu isigande apimwe damu kama alivyoagizwa. Kama dawa yake ni warfarini, asibadilishe kipimo cha sombe na lengalenga ghafula, maana majani yale yanapunguza nguvu yake. Asichanganye na dawa za miti bila kuuliza. Mama anayepata mimba amwambie munganga mara moja.

Tatu, kanisa lisaidie. Wamama wakumbushe tarehe za sindano za watoto. Mashemasi wachange feza ya safari kwa anayetumwa Goma kupimwa. Na kwa kuwa Kiwanja yetu imeonja vita, mwaka 2008 na tena mwaka 2022, dawa na kaye vikae katika mfuko mmoja karibu na mlango. Ukikimbia, shika watoto, kisha shika mfuko ule. Munganga wa pahali pageni atajua wapi pa kuanza.

Wako watakaoishi na moyo huu miaka yote. Tusiwahukumu. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, nao ukabaki, lakini neema ilimtosha, na kazi ya Injili haikusimama. Hezekia naye, miaka yake 15 ilihesabiwa mmoja mmoja. Ninyi mnaohesabu mapigo kila asubuhi, mnahesabu zawadi ya Mungu. Mhesabu kwa shukrani, mnywe dawa kwa shukrani, mje kanisani tuimbe pamoja.

Bwana azilinde pumzi zenu. Amina.