Mbegu Niliyohubiri Bila Kuiona

Leo naanza na kosa langu.

Binti yangu yuko Gredi ya 4. Alileta barua kwamba darasa lao linaenda shoo ya kilimo kule Jamhuri. Nikakataa kulipa. Nikamwambia nalipa karo asome vitabu, si kuangalia ng'ombe. Wenzake wakaenda, yeye akabaki. Tangu hapo akaacha kunionyesha kazi zake za shule.

Jumapili iliyofuata nikahubiri Marko 4, mbegu inayoota mwenye shamba akiwa amelala. Tukiwa mezani akaniuliza, "Baba, kwani hutoka nini kwanza, mzizi ama jani?" Nikababaika. Miaka yote hiyo nahubiri!

"Ni mzizi," akasema. "Sisi tuliona, tukiweka maharagwe kwa pamba yenye maji."

Wapendwa, Yesu alifundisha watu kando ya ziwa, akawaonyesha ndege na maua ya kondeni. Mimi nilimnyima mtoto somo kama hilo kwa pesa kidogo, na pesa nilikuwa nazo, tusidanganyane.

Jioni hiyo nilimwomba msamaha. Jumamosi tukapanda sukuma kwa magunia nyuma ya nyumba. Miche yangu ilikauka. Yake tunakula.