Ladha isiyosimulika

Nanasi ni tunda la Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko walilipanda na kulifikisha visiwa vya Karibi zamani sana kabla Christopher Columbus hajalikuta Guadeloupe mwaka 1493. Watupi, miongoni mwa wenyeji hao, waliliita nanas, Wareno wakasema ananás, na Waswahili nanasi. Jina husafiri salama kuliko tunda: Pietro Martire, mwandishi wa baraza la mfalme wa Hispania, alisimulia kwamba kati ya mananasi yaliyosafirishwa ni moja tu lililofika bila kuoza. Mfalme Ferdinand alilila akalisifu kupita matunda yote. Martire mwenyewe hakulionja, lakini sifa akaziandika.

Je, msomaji wa sifa hizo alijifunza nini? John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alilitumia tunda hilohilo katika kitabu chake cha 1689 kujibu swali hilo. Maneno, alisema, hayawezi kumpa mtu ladha ya nanasi. Humsogeza tu kwa kadiri linavyofanana na vitu alivyokwisha kuvila. Mwanafalsafa David Hume akasema vivyo hivyo mwaka 1739. Hoja yao ina nguvu, kwa kuwa anayeambiwa “tamu kama embe bivu, lenye ukali wa ndimu” huazima kumbukumbu za ulimi wake mwenyewe. Pale mfano unapokwisha, na maelezo yamekwisha.

Kwa wanazuoni wa Kiislamu jambo hili halikuwa geni. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuita ujuzi huu usioletwa na maneno dhauqi, yaani kuonja. Alitoa mfano wa tabibu mgonjwa: anaijua afya, sababu zake na dawa zake, ila afya yenyewe hana. Hapa ndipo anapowapita Locke na Hume. Wao walitaka kuonyesha mawazo yanaingilia wapi akilini; yeye aliuliza kumjua Mungu ni kujua kwa namna gani. Wala hakuyadharau maneno. Alianza kwa kuvisoma vitabu vya Masufi, vya Makki na Muhasibi, hadi akapata kila kinachopatikana kwa kusoma na kusikiliza. Kilichobaki, aliona, hakifikiwi kwa masomo bali kwa kuonja na kubadilika hali. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad, akaelekea Shamu (Syria).